Neno la Kifarsi Chini ya Kiti cha Seville

Ijumaa, alasiri. Al Wukair.

Vumbi linavuma tangu alfajiri na mpaka sasa jua hatujaliona sawasawa. Nimerudi kutoka msikitini, nimekula wali wa jana bila kuupasha moto, nimefunga mlango. Jamaa wa chumba cha pili wamekwenda mjini kutembea. Waliniita, nikawaambia kichwa kinauma.

Kichwa hakiumi.

Wiki hii nimemshuku mtu, nimemsema kwa bosi, kisha nimemdanganya usoni. Nataka kuyaandika kama yalivyofuatana, kabla moyo haujaanza kunitafutia visingizio.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Bakari, mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita Qatar. Natunza magari ya zamani ya bwana mmoja tunayemwita Abu Nasser, au Baba tukiongea naye. Ana ghala lake hapa Al Wukair ambalo kiyoyozi chake hakizimwi hata siku moja, na ndani mna magari saba yamelala chini ya mashuka. Mimi naosha, napiga polishi, napaka viti mafuta ya ngozi. Fundi wa injini ni Wafula, Mkenya kutoka Bungoma. Tunakaa chumba kimoja, ndani ya ua wa ghala, mwaka wa nne sasa. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, yeye huenda kanisani, mimi msikitini, tukirudi tunapika pamoja. Yeye husonga ugali, mimi huunga mchuzi, maana mchuzi wa Wafula unaweza kuoga ndani yake.

Leo sijui amekula wapi.

Gari analolipenda Abu Nasser kuliko yote ni Cadillac Seville ya mwaka 1978, rangi ya fedha. Kwa mgeni ni gari la kawaida tu: pembe kali kama kasha, kioo cha nyuma kimesimama wima, hakuna mbwembwe. Lakini nimelisafisha kwa miaka na nimelisoma kila nilipopata nafasi. Katikati ya miaka ya sabini matajiri wa Marekani walianza kuyachoka magari yao marefu kama mashua na kukimbilia magari madogo ya Ulaya. Ndipo wakatengenezewa hili. Lilikuwa fupi kuliko ndugu zake kwa zaidi ya nusu mita, na bado liliuzwa ghali kuliko wote isipokuwa limuzini. Watu walizoea kwamba ukiongeza hela unaongezewa bati. Hapa waliongeza hela wakapunguziwa bati, na wakapanga foleni.

Injini yake ni silinda nane, lita tano nukta saba, haina kabureta. Mafuta yanapulizwa kwa injekta zinazoongozwa na umeme, wakati magari mengi ya rika lake bado yanakohoa asubuhi. Ukipakia mizigo nyuma, mkia unajiinua wenyewe mpaka gari likae sawa. Unachagua kiasi cha baridi unachotaka ndani, nalo linakutunzia. Wafula husema ukiliendesha unasahau kama kuna barabara.

Na lina siri zake. Sakafu yake ilianzia kwenye gari la bei nafuu la kampuni hiyohiyo. Matoleo ya kwanza yote yalifunikwa paa kwa kitambaa cha plastiki, na wanaojua wanasema ni kwa sababu paa lilikuwa na kiungo kilichopaswa kufichwa. Nilipolisoma hilo nilicheka. Wiki hii limenirudia vibaya. Nilianza kuona kiungo kilichofichwa kila mahali.

Abu Nasser ana kadi aliyochapisha kwa ajili ya maonyesho ya magari ya zamani kule Lusail wiki ijayo. Imeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba gari lilitengenezwa Detroit na kununuliwa na marehemu baba yake. Hadithi hiyo nimemsikia akiwasimulia wageni labda mara ishirini, na kila mara anagusa boneti akifika kwenye jina la baba yake.

Mwezi uliopita Seville ilibebwa juu ya lori kwenda gereji moja kule Sanaiya, mtaa wa viwanda, viti vikashonwe upya. Wafula aliambiwa akae nayo asiiache. Walitakiwa kurudi Alhamisi, wakarudi Jumamosi. Alisema walikuwa wanasubiri ngozi.

Niliamini. Kisha nikaanza kuona mambo.

Simu yake ikilia alikuwa anatoka nje kuizungumza, yeye ambaye huongea na mkewe kwa sauti mpaka namjua hadi shangazi zake. Siku moja aliondoka amevaa shati la mikono mirefu, akasema anakwenda dukani. Saa ya kwenye dashibodi ya Seville, ambayo haijawahi kutembea tangu niijue, ilikuwa inatembea. Na ndani ya gari palinuka tofauti. Nikasimama pale mlangoni nikavuta pumzi kama mbwa wa forodha. Sikumuuliza Wafula.

Jumatatu nikakiinua kiti cha nyuma ili nipitishe mashine ya vumbi. Kwenye bati, palipokuwa pakifunikwa na kiti, nikaona maandishi ya chaki ya mafuta, ya manjano. Herufi za Kiarabu. Lakini ya kwanza ilikuwa na nukta tatu chini, na herufi hiyo sikufundishwa chuoni kwa sababu haimo kwenye msahafu. Karibu yake palikuwa na tarakimu, na nne yake haikuwa nne ninayoijua.

Nilipiga picha. Nikapiga na picha ya namba ya chesisi iliyo chini ya kioo cha mbele. Jioni nikaenda kwa muuza duka wa karibu, mzee Muirani, nikamwonyesha.

“Posht,” alisoma. “Ni Kifarsi. Maana yake nyuma.”

Basi gari la Detroit lina neno la Kifarsi kiunoni. Nilirudi nyumbani polepole na nilipofika nilishamaliza kesi yote kichwani. Seville halisi imebaki Sanaiya, au imeshauzwa. Hii ni nyingine iliyofanana nayo. Na aliyekaa nayo wiki nzima ni mtu mmoja.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nikajiona mwerevu.

Usiku ule Wafula alinipakulia chakula, nikamtazama mikono.

Jumanne asubuhi nilimfuata Abu Nasser ofisini nikamwonyesha picha. Alizitazama muda mrefu. Abu Nasser si mtu wa kupiga kelele. Akikasirika sauti hushuka.

“Kabla gari halijakwenda Sanaiya, maandishi haya hayakuwepo?”

“Hayakuwepo, Baba.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, hata kama sitawahi kuwa mkweli mahali pengine. Kabla ya Jumatatu sikuwahi kukiinua kile kiti. Hata mara moja. Katika miaka yangu yote nimepangusa juu yake, pembeni yake, nyuma yake. Chini yake palikuwa na nini, sikujua. Nilipoulizwa nilijua kwamba sijui, na nikasema nina hakika, kwa sababu tayari nilikuwa nimeshasimama mbele ya bosi na picha mkononi, na mtu hawezi kusimama hivyo kisha akasema labda.

Wafula aliitwa. Nilikuwa ghalani, nikamwona kupitia mlango wa kioo akitoa funguo mfukoni na kuziweka mezani. Aliambiwa asivuke geti mpaka Abu Nasser apate karatasi za zamani za gari na kwenda polisi kulinganisha namba.

Jioni aliketi kitandani kwake, kofia bado kichwani.

“Bakari, kuna mtu ameniuza,” alisema. “Umeskia chochote? Ni nani?”

“Sijui,” nikasema.

Akatikisa kichwa. Akasema, “Sawa tu. Mungu yuko.” Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatano alishinda chumbani. Mara mbili alikwenda mpaka getini akaongea na mlinzi, mara mbili akarudi. Nilimwona, nikaona ni dalili nyingine. Mwenye hatia hatulii. Ndivyo dhana mbaya inavyolishwa: kila unachokiona kinageuka chakula chake.

Jana, Alhamisi, Abu Nasser alinituma Al Wakrah kwa mama yake, nikalete karatasi za gari. Seville haina usajili wa barabarani miaka mingi, na istimara yake ya mwisho, yaani kadi ya usajili, pamoja na karatasi za ununuzi, anazo yule mama kwenye sanduku la marehemu mumewe. Sisi wafanyakazi humwita Bibi. Ni mwanamke mfupi, macho makali, anakaa nyumba ya zamani si mbali na bandari na amekataa katakata kuhamia kwa mwanawe.

Aliniketisha, akanimiminia gahawa, ndipo akaniuliza karatasi ni za nini. Nikamweleza: gari limebadilishwa, kuna Mkenya ameshikwa, namba zitaonyesha. Nilimweleza kwa ufasaha. Kiarabu changu hakijawahi kunyooka vile.

Alifungua sanduku, akatoa bahasha, akanipa karatasi ya juu nisome namba. Nikatoa simu yangu.

Namba ilikuwa ileile.

Nikasoma tena, tarakimu moja moja, kidole juu ya karatasi. Ileile. Na karatasi yenyewe, ukiacha namba, ilikuwa imeandikwa kwa Kifarsi kuanzia juu hadi chini.

“Bibi, gari hili lilitoka wapi?”

“Lilitoka Bandar Abbas, kwa meli,” alisema. “Mume wangu alikwenda mwenyewe kulichukua. Kule Tehran palikuwa na kiwanda, Wamarekani wanaleta vipande kwenye makasha, Wairani wanaunga. Hukujua?”

Sikujua. Jana usiku nimesoma, ni kweli. Kwa miaka kadhaa Seville ziliunganishwa Tehran, huku ng'ambo ya maji tu, na hata baada ya mapinduzi yao waliendelea kuunga vipande vilivyokuwa vimebaki. Kuna mtu kule, fundi nisiyemjua, aliandika “nyuma” kwenye bati ili mwenzake asikosee, akaendelea na kazi yake.

“Mbona Abu Nasser anasema Detroit?”

Bibi alicheka mpaka akashika goti. “Alikuwa na miaka mitano. Alimuuliza baba yake gari limetoka wapi, akaambiwa Amerika. Akawatangazia watu. Watu wakasifu. Mtu akishasifiwa, kurudi nyuma ni kazi. Mume wangu akaliacha likawa hivyo.”

Kisha akaacha kucheka. Akaichukua ile karatasi kutoka mkononi mwangu, akairudisha ndani ya bahasha.

“Mwambie hukuziona. Mwambie mama amesahau alipoziweka. Mwache na Detroit yake, ni kitu cha baba yake.”

“Na yule Mkenya?”

“Bila karatasi hakuna polisi. Atapewa tiketi atakwenda kwao. Mafundi ni wengi.”

Nikasema haya, Bibi. Nikaaga, nikatoka, nikaingia kwenye gari.

Nakiri kwamba niliona nafuu. Njia ilikuwa imefunguka mbele yangu, pana kabisa. Hakuna ambaye angejua nilisema nina hakika. Wafula angerudi Bungoma bila kesi, mimi ningebaki na heshima yangu, Abu Nasser angebaki na baba yake. Niliwasha injini. Nikaweka mkono kwenye gea. Nikamkumbuka akiniuliza kama nimekula.

Nikazima.

Bibi alinifungulia mlango mwenyewe. Nilibaki kizingitini, sikuvua hata viatu.

“Bibi, si suala la mafundi kuwa wengi. Huyu ameshikwa kwa neno langu. Niliulizwa kama nina hakika, nikasema ninayo, na sikuwa nayo. Nipe karatasi. Usiponipa nitamwambia hivyohivyo, na ataona nina wazimu, lakini nitamwambia.”

Nilifikiri atanifukuza. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa abaya na bahasha ameikumbatia kwapani.

“Twende,” alisema. “Wewe utamwambia vibaya.”

Abu Nasser alitupokea majlisi, sebule ya wageni iliyo kando ya ofisi yake. Aliinuka, akambusu mama yake kwenye paji la uso, na Bibi hakungoja hata kuketi. Alimpa karatasi. Akamwambia kila kitu kwa sentensi chache, kama anayetoa mwiba.

Abu Nasser alisoma. Alisoma tena.

“Kwa hiyo baba alinidanganya.”

“Hakukudanganya,” Bibi alisema. “Uliuliza limetoka wapi, akasema Amerika. Vipande vilitoka Amerika. Ungeuliza nani ameviunga, angekwambia.”

Abu Nasser alinigeukia mimi, na sauti ilikuwa imeshuka mpaka nikalazimika kuinamisha kichwa nimsikie.

“Uliniambia maandishi hayakuwepo.”

“Sikuwahi kukiinua kile kiti kabla, Baba. Nilisema uongo.”

Nilingoja neno la kuniondoa kazini. Halikuja. Badala yake alivuta droo, akatoa funguo za Wafula, akaziweka kiganjani mwangu na kukifunga kwa vidole vyake.

“Wewe ulizitoa kwake,” alisema. “Wewe uzirudishe. Na umwambie ni nani aliyemsema.”

Tulipotoka nilimwona akielekea ghalani peke yake. Alivua shuka la Seville, akaketi kiti cha dereva, mlango wazi. Sijui alikaa muda gani.

Wafula alikuwa amelala chali, macho darini. Niliweka funguo kwenye blanketi lake na nikasema yote wima, kwa haraka, kama mtoto anayesoma sura aliyoisahau nusu. Maandishi. Picha. Nina hakika. Sijui.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

“Ni wewe,” alisema.

“Ni mimi.”

“Na nilikuuliza hapa hapa.”

“Uliniuliza.”

Akaketi. Aligeuza geuza zile funguo kama si zake. “Si ungeniuliza tu, Bakari? Swali moja. Posht niliiona Sanaiya siku ya kwanza wakitoa kiti. Fundi wa pale akaniambia hizi zingine ziliundwa Iran. Nikasema hiyo ni maneno ya boss na babake, mimi nani nimharibie? Nikanyamaza.”

“Na saa ya dashibodi?”

“Nilitengeneza. Siku mbili ya kungoja ngozi ningefanya nini?”

Nilijua sistahili kuuliza la tatu, nikauliza. Simu zile. Shati lile.

Alicheka, lakini si kicheko chake. “Nilikuwa natafuta job. Kuna karakana ya mabasi Lusail, wanataka fundi. Shati nilivaa kupeleka makaratasi. Sikukuambia juu wewe siri hukai nayo, na sikutaka boss ajue kabla nipate. Wakanipatia interview.” Akaziacha funguo kwenye blanketi. “Ilikuwa Wednesday, saa nne.”

Jumatano. Siku aliyokwenda getini mara mbili akarudi mara mbili.

Nilisema samahani. Neno lilitoka dogo sana. Alisema, “Sikia, niache nilale,” na ilikuwa saa kumi na moja ya jioni.

Leo asubuhi alikwenda kanisani kabla sijaamka, na hajarudi. Kitanda chake kimetandikwa. Sufuria yake ya ugali imeoshwa na kufunikwa.

Nimekaa na hili tangu niliporudi kutoka swala. Ningekuwa nimeiba kitu chake, ningekirudisha. Saa nne ya Jumatano nairudishaje? Na kwa nini ilikuwa rahisi hivyo, kumwamini muuza duka kwa neno moja na kutomwamini mtu niliyelala naye chumba kimoja miaka minne?

Kabla ya kufungua kompyuta hii nilimwandikia ujumbe. Nilimwambia Jumapili nimeomba ruhusa, na Abu Nasser amenipa. Nitakwenda Lusail kwenye hiyo karakana, nitamtafuta aliyekuwa amfanyie usaili, nitamweleza kwamba Wafula hakufika kwa sababu kuna mtu alimsingizia, na kwamba mtu huyo ni mimi. Nikamwomba anielekeze ilipo.

Hakujibu. Nikaandika yote haya mliyoyasoma, na simu iko kando kimya.

Sasa hivi imelia. Wafula amenitumia ramani ya mahali penyewe na jina la meneja. Hakuongeza salamu wala neno lolote.

Imetosha. Jumapili saa moja asubuhi nitakuwa kwenye geti lao. Wakikataa kunisikiliza, nitarudi Jumatatu.